Upande wa Moto

Majira yale ya baridi hapakuwa na mtu katika kijiji cha Bamgol, wala katika ofisi ya wilaya kule bondeni, ambaye hakujua kwamba sakafu ya Mzee Tak Man-bok haipati joto. Aliyeeneza habari hiyo ni Mzee Tak mwenyewe, tena bure, kwa sauti, popote alipokuta watu wawili wamesimama. Mungu alimpa koo la kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde, na tangu mkewe Ok-bun afariki hakubaki mtu wa kumwambia apunguze.

Sababu alikuwa nayo, au aliamini anayo. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya zamani ya milimani, nyumba ya kuni: moto unawashwa chini, upande wa jikoni, moshi unapita chini ya mawe ya sakafu, na watu wanakaa, wanakula na wanalala juu ya sakafu hiyo hiyo. Karibu na jiko huitwa upande wa moto, na hapo hukaa mkubwa wa nyumba au mgeni. Mlangoni ni baridi, na hapo hukaa aliyebaki. Ilikuwa hivyo kwa babu yake, ikawa hivyo kwa baba yake, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Kisha wakubwa wa wilaya wakaleta mradi. Kuni ni hatari kwa wazee, walisema, na moshi unaharibu mapafu. Wakalijaza jiko zege, wakatandaza sakafuni karatasi nyeusi za plastiki zenye umeme ndani, wakafunika kwa mkeka wa plastiki wa rangi ya kahawia, wakabandika ukutani kidude chenye namba nyekundu. Fundi alimweleza kwamba kidude kile kina waya, waya una kichwa kidogo kama tembe ya dawa, na kichwa hicho kimelazwa chini ya mkeka upande ule wa jikoni, ndicho kinachopima joto la sakafu nzima. Mzee Tak hakusikiliza, kwa sababu wakati huo mpiga picha wa wilaya alikuwa anampanga. Bonyeza hapa, mzee, tabasamu kidogo. Katika picha ile Mzee Tak anacheka hadi fizi, na katika mambo yote ya mradi ule hilo ndilo lililomchoma zaidi: walimpata akicheka.

Maana sakafu nzima haikupata joto. Upande wa moto ulipata, ndiyo. Ukikaa hapo makalio yanaiva na pua inaganda. Kwingine kote ilikuwa barafu. Kitambaa cha kufutia sakafu, kikiachwa karibu na mlango, kiliganda kikasimama wima kama samaki wa kuanikwa.

Mzee Tak, aliyeishia darasa la nne na hakuona alichopoteza, alikuwa na maelezo yake. Wamelaza karatasi nzuri upande wa moto kwa sababu wanajua mkaguzi atakaa hapo, na kwingine wamelaza takataka. Wakubwa hufanya kila kitu hivyo, alisema, ukuta hupakwa rangi upande wa barabarani. Ndio hao hao waliofunga zahanati ya bondeni kwa sababu wagonjwa wake walikuwa wachache. Ok-bun alikuwa mmoja wa hao wachache. Mtu wa namna hiyo atashindwaje kukulazia karatasi mbovu? Bili ya umeme ilipokuja ndogo, majirani walimpongeza. Yeye aliichukua akazunguka nayo. "Si mnaona? Hata umeme wenyewe hawauleti!"

Tatizo lilikuwa wakaguzi. Alikuja kijana wa wilaya, mwenye miwani, na Mzee Tak alikuwa amemwandalia matusi tangu alfajiri. Lakini kijana alipovua viatu akaingia, mdomo wa mzee ukasema wenyewe: "Karibu, karibu huku kwenye moto." Angefanya nini? Hata mwizi huwezi kumkalisha mlangoni. Kijana akakaa pale upande wa moto, palipotandikwa blanketi zito la pamba la marehemu, akaingiza miguu chini yake, akanywa chai ya shayiri, miwani ikaingia ukungu.

"Mzee, mbona kuna joto?"

"Nenda ukashike mlangoni!"

"Mlangoni ni mlangoni, mzee. Hata kwa mama yangu mlangoni kuna baridi."

Akaandika, akashukuru kwa chai, akaondoka. Mwenyekiti wa kijiji, Bang Gi-hwan, naye alikuja, akakaa pale pale, akafungua vifungo vya koti kwa joto, akaondoka akitikisa kichwa. Kadiri watu walivyokuja kuona baridi ya Mzee Tak ndivyo Mzee Tak alivyozidi kujulikana kwa uongo.

Blanketi lile halikuondoka mahali pake. Ok-bun ndiye aliyelitandika siku zote hapo, na chini yake aliweka bakuli la shaba lenye wali wa mumewe, limefungwa kwa kitambaa, ili arudi kutoka shambani akute wa moto. Sasa Mzee Tak alijipikia asubuhi, akajifungia bakuli, akajiwekea chini ya blanketi, akatoka, akarudi, akajikaribisha. Binti yake alimnunulia sufuria ya umeme inayoutunza wali moto yenyewe. Mzee Tak alisema wali wa sufuria hiyo unanuka ofisi.

Binti huyo, Mi-ran, alikuwa mpishi katika shule moja huko mjini Wonju. Kila jioni alipiga simu, na kila jioni baba yake alimpa taarifa ya baridi. Mi-ran alisikiliza majira mazima. Kisha jioni moja akauliza, kwa upole:

"Baba, kuna baridi kiasi hicho kweli?"

"Si nimekwambia! Leo nimekunywa supu na glavu!"

"Basi huwezi kuishi hapo."

Mzee Tak akaishika simu mbali na sikio, akaitazama, akairudisha. "Nani kasema siwezi?"

"Wewe baba. Tangu theluji ya kwanza."

"Mimi nilikuwa nalalamika tu."

"Nakuja kwa kumbukumbu ya kifo cha mama, na mama mkubwa atakuja nami. Nikikuta nyumba ina baridi, tutaondoka wote watatu. Tutaifunga. Chumba chako nimeshakitengeneza."

"Mi-ran—"

"Sitabishana, baba."

Mzee Tak aliifahamu sauti ile. Ilikuwa ya marehemu Ok-bun: haipandi, haishuki, na ikishasema imekwisha. Alikijua na hicho chumba cha Wonju. Kiko juu ya ghorofa nyingine nyingi, dirisha linatazama dirisha, na chini hakuna hata kuku wa kugombana naye. Atakaa pale akiwa msafi, mwenye joto sehemu zote za mwili, mpaka afe.

Akakaa kwenye blanketi akitafuta wa kumlaumu. Majira mazima alikuwa akikusanya mashahidi kwamba nyumba yake haikaliki, na hatimaye, baada ya kushindwa kuishawishi wilaya nzima, alikuwa amempata mtu mmoja wa kumwamini.

Kesho yake akaenda kwenye ukumbi wa wazee, ambako Mwenyekiti Bang alikuwa akicheza karata na wenzake. Sakafu ya pale ilichoma kama kikaango. Mzee Tak akaketi karibu na mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kila mtu akaliona.

"Kaka Tak," alisema Bang bila kuinua macho. "Leo sakafu inasemaje?"

"Haijambo."

Karata zikasimama hewani.

"Haijambo?"

"Nimesema haijambo. Ila inaweza kuwa nzuri zaidi. Nilikuwa nafikiri, wewe ni mwenyekiti, unasikilizana na wale wa wilaya..."

"Wale wezi?"

"Sikusema wezi."

"Ulisema wezi," akasema Bi Yeongwol, mjane wa nyumba ya jirani, aliyeitwa hivyo kwa jina la mji aliotoka alipoolewa. "Ukasema mbwa. Na siku ya mwaka mpya ulisema jambo ambalo mimi siwezi kulirudia nikiwa na karata nzuri mkononi."

Wakacheka. Mzee Tak akatazama soksi zake. Moja ilikuwa imetoboka, dole gumba linachungulia kama linataka kusikia.

"Mi-ran anataka kunichukua," alisema. "Akikuta baridi, ananichukua."

Kicheko kikapungua. Bang akaweka karata chini. Alikuwa mdogo kwa Mzee Tak kwa miaka kadhaa, mtu mnene, mvumilivu, aliyechaguliwa uenyekiti kwa sababu siku ya uchaguzi ndiye aliyekwenda chooni.

"Kaka, nimekuja kwako mara ngapi? Nimekaa, nimetoka jasho, nimekwenda wilayani kukusemea, wamenicheka."

"Ulikaa upande wa moto!"

"Si ulinikalisha wewe!"

"Ningekukalisha wapi? Mlangoni? Mimi nimelelewa wapi?"

"Basi mara hii ungenikalisha mlangoni, ningeona!"

"Mwenyekiti mlangoni," alisema Mzee Tak, na akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Hapana. Nakudharau, lakini si kiasi hicho."

Bang akapiga simu wilayani hapo hapo, mbele ya wote. Wilaya ikasema mafundi watapanda mlima theluji ikiyeyuka. "Theluji ikiyeyuka!" alisema Mzee Tak. "Hapo hata jiwe la mtoni litakuwa na joto!" Lakini alilisema kwa sauti ndogo, na Bi Yeongwol alimtazama kama mtu anayeona mgonjwa.

Siku ya kumbukumbu ikafika. Mi-ran alikuwa ameagiza ibada ya kuikaribisha na kuilisha roho ya mama yake ifanywe jioni mapema, si usiku kama zamani, kwa sababu mama mkubwa husinzia. Mama mkubwa huyo ni Ok-rye, dada wa marehemu, na Mzee Tak alimwogopa kuliko polisi. Alikuwa na pua. Mwaka uliopita, siku ya mazishi, alilinusa blanketi lile mbele ya watu kisha akasema, "Hm." Mzee Tak aliibeba "hm" ile mwaka mzima. Kwa hiyo asubuhi akalitoa blanketi, akalitundika kwenye waya uani lipigwe jua la baridi, akalichapa kwa fimbo kana kwamba limeajiriwa wilayani.

Kisha akaenda kwa Bi Yeongwol, aliyekubali kumkaangia chapati nyembamba za unga wa soba, nafaka ya milimani, na samaki wa sadaka, kwa sharti kwamba yeye asiguse kitu. Akaketi jikoni kwake mchana kutwa asiguse kitu, akamweleza jinsi ya kukaanga.

Aliporudi na sinia, akavua viatu, akaweka mguu mmoja ndani, akaurudisha nje upesi. Alidhani nyumba inaungua.

Hakukuwa na moshi. Akaweka mguu tena. Akaweka sinia chini, akapiga magoti, akaipapasa sakafu kwa kiganja kama daktari. Hapo, mlangoni kabisa, palipokuwa na kile kitambaa kigumu, kulikuwa na joto. Akatambaa hadi katikati ya chumba. Joto. Akatambaa hadi kwenye kona ya kabati. Joto, joto zuri la kulaza shavu.

"Kumbe wanaweza!" alisema kwa sauti. "Wanaweza, mbwa hawa!"

Alifurahi na kukasirika kwa pamoja. Ilikuwa wazi: Bang kawaambia wageni wanakuja, wakaona aibu, wakafungulia umeme uliokuwa wake tangu mwanzo. Hakuthubutu kugusa kitu. Alitembea kwa vidole vya miguu. Alipopita mbele ya kidude cha ukutani alikiinamia kidogo, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, akakiambia, "Tafadhali, bwana, mpaka kesho tu."

Wageni walifika jua likiwa linazama. Shemeji Ok-rye akatangulia, mdogo wa umbo, amepinda, amejizungushia mitandio kama kitunguu. Alivua viatu huku akinung'unika tayari, maana alikuwa mtu wa kujiandaa. Akakanyaga ndani. Akanyamaza.

"Mi-ran," akaita. "Njoo ukanyage hapa."

Mi-ran akakanyaga, akatazama miguu yake, akamtazama baba yake. "Baba! Mbona kuna joto?"

"Kwani nani alisema hakuna?"

"Wewe! Jana!"

"Jana ilikuwa jana."

Mi-ran akazunguka chumba kizima na soksi zake, akisimama kila kona, na kila aliposimama Mzee Tak aliona ghorofa moja ya Wonju ikishuka. Uso wa binti ukalegea. Akacheka kidogo, akavua koti. "Haya," alisema, na neno hilo likamwingia baba yake kama pombe ya mchele.

"Blanketi la mama liko wapi?"

"Nje. Linapigwa jua."

"Jua gani tena, baba? Limeshazama."

Akatoka, akalileta, akalikung'uta, akalitandika upande wa moto kama mama yake alivyolitandika. Akamkalisha mama mkubwa juu yake, akamfunika miguu. Kisha akajaza wali bakuli la shaba, akalifunga kwa kitambaa, akalisukuma chini ya blanketi. "Mama akifika," alisema, "akute wa moto." Mzee Tak akageuka kutazama pembeni, akasema meza ya sadaka imepinda. Haikuwa imepinda.

Wakaanza kupanga meza. Samaki huku, matunda kule, peari, njugu, supu. Mi-ran alikuwa akienda jikoni na kurudi, akipita mlangoni. Baada ya muda akavaa sweta. Mzee Tak aliona, akaendelea kupanga njugu. Baada ya muda tena akavaa koti. Mzee Tak akaona, akaanza kusogea kuelekea kidude cha ukutani kana kwamba anakwenda kutazama kalenda. Kisha Mi-ran akatoa pumzi, na pumzi ikaonekana.

"Baba, umezima?"

"Sijagusa! Tazama mwenyewe! Namba ziko juu! Kinasema kuna joto!"

"Miguu yangu inasema mengine."

"Nyinyi mnalalamika nini?" akauliza Ok-rye kutoka kwenye blanketi. Mashavu yalikuwa mekundu, na alikuwa ameshafungua mitandio miwili. "Mimi huku natoka jasho."

"Wewe uko kwenye moto, mama mkubwa." Mi-ran aliweka sahani mezani polepole. "Baba. Kesho tunaondoka wote. Nilishasema sitabishana."

"Ni wale!" Mzee Tak akapandisha ile sauti ya ng'ombe. "Mchana wamefungulia, sasa wamefunga! Wananichezea! Nitawapigia, nitawaambia, hawa watu waliojaza zege jiko la baba yangu, waliofunga zahanati—"

"Baba Mi-ran," alisema Ok-rye. "Nyamaza kidogo."

Akageuka, kwa mshangao.

Ok-rye alikuwa akimtazama mpwa wake, aliyesimama karibu na mlango ameikunja mikono kwapani. "Mama yako alikuwa akisimama hapo hapo," alisema. "Hivyo hivyo, mikono kwapani. Na alilala hapo. Mimi nikija, ananikalisha huku, natoka jasho, narudi nyumbani nawaambia watu, kwa mdogo wangu kuna joto, sijapata kuona. Na huyu baba yako naye kakaa huku huku, anawaambia watu nyumba yake ina joto. Hakuna aliyemuuliza aliyekaa mlangoni." Akajifuta jasho juu ya mdomo. "Hm," akaongeza.

Mzee Tak akafungua mdomo kumlaumu mtu. Mdomo ukabaki wazi, hakuna aliyeingia. Akamtazama shemeji yake, amekaa juu ya blanketi zito, mwekundu, bakuli la wali chini ya magoti yake. Akakitazama kidude ukutani na namba zake zenye furaha. Akamtazama tena shemeji. Jambo lilikuwa likimjia, lakini lilikuja kama maji kwenye bomba lililoganda, kwanza kikohozi, kisha tone.

"Shemeji," alisema. "Ondoka hapo."

"Nini?"

"Ondoka kwenye blanketi. Umekalia kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Cha sakafu!"

Akaukamata upindo wa blanketi akavuta. Ok-rye, ambaye maisha yake yote hakuna aliyemnyang'anya kitu akanyamaza, akakamata upande mwingine. "Aigo, huyu mtu! Kamnyima dada yangu, sasa ananivua na mimi!" "Baba, unafanya nini!" akapiga kelele Mi-ran. Bakuli la shaba likafyatuka chini ya blanketi, likabingirika hadi mlangoni, na hapo hapo mlango ukafunguka. Mwenyekiti Bang alisimama kizingitini na chupa ya pombe ya mchele kwa ajili ya marehemu. Bakuli likagonga vidole vyake vya miguu.

Akawatazama wazee wawili kila mmoja na pembe yake ya blanketi.

"Kaka Tak," alisema, "hili ni la familia, au na mimi nishike upande?"

"Kichwa kiko hapa!" Mzee Tak alikuwa ameshinda vita, blanketi liko begani, yuko magotini anapapasa mkeka wa plastiki. Akakipata kivimbe, kidogo kama tembe ya dawa. "Hiki! Fundi alisema! Kinapima hapa tu, hakipimi kwingine! Na hapa pana blanketi, juu ya blanketi pana shemeji, katikati pana wali. Kinasema, loo, kumbe nchi nzima ina joto! Kinazima umeme wa wote! Mtu anagandia mlangoni, chenyewe kinatoka jasho na kuandika kwamba hakuna tatizo!" Akamnyooshea Bang kidole. "Kama nyinyi!"

"Kama sisi," alisema Bang.

"Kama nyinyi wote!"

"Sawa. Na aliyekifunika blanketi ni nani?"

Mzee Tak akabaki na kidole hewani. Kilikuwa kimenyooka vizuri, na hakikuwa na pa kwenda.

"Mimi," alisema.

"Majira mazima?"

"Majira mazima." Akaketi chini kwenye sakafu tupu. "Mle wilayani kuna wakubwa wengi. Humu ndani ni mimi peke yangu, na nimewashinda wote."

Mi-ran akaanza kucheka. Aliziba mdomo kwa mkono, kicheko kikapitia puani. Bang hakucheka mara moja.

"Kaka, uliniita mbwa."

"Nilikuita."

"Mbele ya watu wa wilaya."

"Nao niliwaita."

Bang akafikiri, akaona ni kweli, akaingia ndani na kufunga mlango. Mi-ran akalikunja blanketi akaliweka juu ya kabati. Halafu hawakuwa na la kufanya ila kungoja. Wakakaa wote wanne kwenye sakafu tupu, viganja chini, kimya, kama watu wanaosikiliza mtu wa chumba cha pili. Namba nyekundu zikashuka. Kidude kikalia "tik". Mzee Tak hakukiinamia, maana kulikuwa na watu.

Joto lilipoanza kupanda, Mi-ran akasimama akaufungua mlango wazi, kama desturi inavyotaka, ili mama yake aingie. Baridi ya mlimani ikajaa chumbani, mishumaa ikalala upande. Mzee Tak aliona mtihani wake umewekwa pale ambapo hata mtu mwenye roho mbaya asingeuweka. Mi-ran alibaki amesimama kizingitini na soksi zake, theluji iko mbele yake, na hakuna aliyejua miguu yake inasema nini.

Kwa desturi ya ukoo wao mume hamsujudii mkewe. Husimama tu, huinamisha kichwa kidogo, wengine wanasujudu. Mzee Tak alimimina pombe kwenye kikombe, akarudi nyuma hatua, na kwa kuwa meza ilikuwa imejaza chumba akajikuta karibu na mlango. Akasimama hapo. Kisha akashuka, goti moja, la pili, viganja sakafuni, paji la uso juu ya viganja. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko ibada inavyodai.

Ok-rye alimtazama kwa ile pua yake, wala hakusema "hm".

Alipoinuka, macho mekundu, kila mtu akawa anatazama samaki.

"Nilikuwa napima sakafu," alisema Mzee Tak.

"Na?" akauliza Mi-ran.

"Iko vizuri."

Ibada ikaisha, mlango ukafungwa, chakula kikashushwa mezani kiliwe na walio hai. Hapo ikatokea shida mpya. Walisimama wote na bakuli mikononi, na hakuna aliyekaa. Mkubwa hukaa upande wa moto, mgeni hukaa upande wa moto, na sasa chumba kizima kilikuwa upande mmoja. Bang alianza kuketi katikati, akaona ni jeuri, akainuka. Mzee Tak akamwonyesha mahali, akasahau kwa nini ni mahali. Mwishowe Ok-rye akachoka. Akaenda moja kwa moja mlangoni, pale pale, akajishusha huku akishika magoti, akapapasa sakafu pembeni yake kama anayepapasa mgongo wa mtoto, akaanza kula chapati. Wengine wakakaa walipokuwa wamesimama.

"Basi la asubuhi linapita saa ngapi, mwenyekiti?" akauliza Mi-ran.

Mzee Tak akaacha kutafuna.

"Kama barabara imefagiliwa, saa mbili," alisema Bang.

"Mimi na mama mkubwa tutapanda hilo." Akampa baba yake kipande kinene cha samaki, akauchomoa mwiba kwanza. "Wewe ukitaka kuja kututembelea, njoo majira ya joto. Na ole wako unipigie simu useme kuna baridi."

Mzee Tak akameza. Alitaka kusema neno zuri. Alilitafuta kwa muda, lakini mtu aliyezoea kazi moja mwaka mzima hawezi kuibadilisha kwa jioni moja.

"Barabara yenyewe haijafagiliwa," alisema. "Tangu juzi nimeona. Mwenyekiti, hiyo barabara nyinyi wakubwa mna mpango gani—"

"Kula kwanza, kaka," alisema Bang, akamsogezea supu.